Mwali wa Goli la Kaskazini

Injinia Fidea alikigonga kioo cha kompyuta kwa kucha, kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba anachojua kina mtu ndani.

"Nimemwambia alegee, nimerudia, nimerudia tena," alisema. "Hataki. Kondo, hebu njoo uone."

Kondo Mloka akaenda, ingawa hakuhitaji kuona. Chumba chao kilikuwa chini ya majukwaa ya mzunguko, na juu ya vichwa vyao watu elfu arobaini walikuwa wanaimba kwenye mvua kana kwamba mvua ni sehemu ya tiketi. Kwenye kioo, uwanja ulikuwa kijani mtupu, na kijani maana yake pamekauka. Ila mbele ya goli la kaskazini palikuwa na doa la buluu, la duara, limetulia kama sahani mezani.

"Sensa hiyo," Kondo alisema. "Itakuwa imeingia maji."

"Sensa ya kupima maji imeingia maji?"

"Hutokea."

Fidea alimwangalia kidogo, halafu akarudi kwenye kioo chake. Kwa kawaida Kondo alikuwa anadanganya vizuri zaidi ya hapo. Mtu aliyewahi kuushawishi uongozi wa klabu kwamba nyasi zinaota haraka zikisomewa magazeti hakutakiwa kushindwa na sensa.

Chini ya nyasi za uwanja ule kulikuwa na mchanga, chini ya mchanga kokoto, chini ya kokoto mabomba yenye matundu. Viwanja vyote vikubwa viko hivyo, tangu nyasi za plastiki zipigwe marufuku na mvua zianze kunyesha bila kuangalia kalenda. Cha pekee kwenye uwanja huu kilikaa katikati, kati ya mchanga na kokoto. Ukungu. Siyo ule wa asubuhi kwenye milima ya Uluguru, ule wa kwenye mkate uliosahaulika kabatini. Nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zimefumana kama mkeka chini ya uwanja mzima. Zikilegea, maji yanashuka. Zikibana, hata tone halipiti.

Fidea ndiye aliyezilea tangu ziko kwenye chupa, na alizipa kitu kimoja tu cha kupenda: mtikisiko wa watu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Uwanja ukiwa mzuri, mpira unanoga. Mpira ukinoga, watu wanaruka. Watu wakiruka, ardhi inatikisika, na ukungu unajua leo nimefanya vizuri, na kesho nitafanya vilevile. Wafanyakazi wa uwanja waliuita Mwali, kwa sababu umefungiwa ndani, hauoni jua, na unafundwa kila siku.

Kungwi wake alikuwa Kondo. Kila asubuhi alivua viatu akatembea peku, akimwelekeza kwa visigino. Kisigino kimoja, legea. Viwili vya haraka, bana. Na Mwali alimwelewa, hata Fidea alikiri hivyo. Mwanafunzi gani mwingine anamsikiliza mwalimu mpaka nyayo?

Sasa tatizo lilianza na utani.

Kipa wa Nyuki ya Tabora, Maganga Lufunga, alikuwa Mnyamwezi wa Urambo. Kondo ni Mluguru wa Matombo. Hao ni watani tangu enzi za babu zao, na utani wao hauna likizo. Mara ya mwisho Nyuki walipokuja kucheza hapa, Maganga alimkuta Kondo amesinzia kwenye benchi kabla ya mechi, akamvalisha jezi ya Nyuki taratibu na kumpiga picha. Mji mzima ukaiona. Kondo hakununa, mtani hanuni. Alikwenda goli la kaskazini, mahali hasa kipa anaposimama, akapiga visigino viwili.

Alitaka Maganga ateleze, achafuke, watu wacheke, basi.

Maganga akateleza kweli. Mpira ukapita, Chui, timu ya nyumbani, wakapata bao la ushindi, na uwanja ukaruka mpaka vikombe vikaanguka kwenye meza za chumba hiki. Mwali hakuwahi kuonjeshwa kitu kama kile tangu azaliwe. Na hakuna aliyekuwa amemfundisha utani ni nini.

Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha na watu wakijaa, anabana pale bila kuambiwa. Kondo aliliona hilo mapema kabisa. Akajisemea, atasahau. Akajisemea tena hivyohivyo siku kamati ya mtaa wa Bondeni ilipokuja kuomba vipando vya Mwali wavipande chini ya barabara zao, wamechoka na mafuriko. Kondo mwenyewe alibeba masanduku. Alitania hata, akasema sijawahi kuona mwali ana watoto, mji huu una mambo. Watu wakacheka. Waya ukavutwa kutoka uwanjani mpaka Bondeni, ili kila anachojifunza mama, watoto nao wakijue.

*

Refa alisimamisha mpira. Maji mbele ya goli la kaskazini yalikuwa yanafika kwenye kamba za viatu. Alionyesha kwa mikono: fundi aje ayatoe, la sivyo mechi inaishia hapa.

Kondo alikuwa anachukua uma wa kutobolea ardhi simu ilipoita. Alipoona jina, alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Uko kazini?" Alikuwa mama mkwe wake, anayeishi Bondeni. "Samahani nakusumbua. Nilisema nisikupigie."

"Hapana, mama, hunisumbui. Kuna nini?"

"Ni maji tu, baba. Yamekuja."

"Yamefika wapi?"

Mama mkwe wake hakuwahi hata kula mbele yake. "Kitanda kimezama," alisema mwishoni. "Mimi niko... sijui kama ni adabu kukwambia. Niko juu ya kabati."

"Barabara haiyanywi?"

"Haiyanywi. Na mvua yenyewe siyo kubwa hivyo, baba, tumeshaona kubwa kuliko hii. Watu wanakimbia huku na huku, wanapiga masufuria, wanaitana. Sasa cha ajabu, kadiri wanavyopiga kelele ndivyo yanavyojaa. Au labda ni macho yangu."

Siyo macho yake. Kondo aliyasikia masufuria kwenye simu. Alisikia miguu inakimbia, mamia ya miguu, puu puu puu kwenye lami. Huko chini ya lami, watoto wa Mwali walikuwa wanafurahi. Ardhi inatikisika. Tumefanya vizuri. Tubane zaidi.

"Majirani wako salama?"

"Wengine wako juu ya mabati. Mzee Mwinjuma ndiyo hatujamsikia. Unajua hawezi kusimama peke yake, na mlango wake maji yameushikilia. Vijana wanausukuma."

"Mama, usishuke hapo. Nakuomba. Kaa hapohapo."

"Nitashukia wapi, baba?" alisema mama mkwe, kwa upole kabisa.

*

Alimwambia Fidea. Hakupamba. Visigino viwili, Maganga, bao, masanduku. Aliyasema yote amesimama, kofia bado mkononi, na alipomaliza Fidea alikuwa tayari amepiga simu zimamoto na kuambiwa boti ziko njiani, zimekwama kwenye foleni.

"Ungeniambia siku ile," Fidea alisema. Kondo alitamani angemlaumu zaidi. "Tukimwekea sumu, mpaka afe ni kesho jioni. Tukikata waya, watoto wanabaki na hichohicho wanachokijua."

"Tumfundishe upya."

"Saa hizi?"

"Si alijifunza mara moja tu? Bao moja."

Fidea alifikiri, macho yanakwenda huku na huku kama anasoma hewani. "Anatakiwa abane, halafu apate kimya. Kimya kabisa, siyo kunong'ona. Achanganyikiwe. Hapo ukimwambia alegee atalegea. Na akilegea apate furaha kubwa kuliko ile ya kwanza." Akatazama juu, kwenye dari, ambako elfu arobaini walikuwa wanamzomea refa na kugonga miguu. "Kimya utakipata wapi, Kondo? Tuwatangazie kwamba Bondeni kuna mafuriko?"

"Nusu yao wanaishi Bondeni."

Wote wawili waliliona jambo lenyewe bila kulisema: watu elfu ishirini wanakimbilia mageti kwa pamoja, wanapiga mayowe, na Mwali huku chini anapata sikukuu yake.

"Basi wasijue," Kondo alisema.

Fidea aliondoa macho kwake akayaweka kwenye doa la buluu.

Redio ya kifuani mwa Kondo ikakwaruza. Alikuwa Pazi, mtangazaji wa uwanja, kutoka kwenye kibanda chake cha vioo juu kabisa. Yeye na Kondo wamekua wote, wamefukuzwa shule pamoja, wamerudishwa pamoja.

"Fundi! Unatoa maji au unafuga kambale? Watu wananipigia kelele mimi."

"Naenda sasa hivi."

"Haya. Halafu we, mzee ananipigia simu. Mara ya pili hii. Nimezima sauti, si unajua nina kipaza hapa. Mvua ya leo imefika Bondeni kweli? Umesikia chochote?"

Pazi Mwinjuma. Baba yake ni mzee Mwinjuma, yule wa nyumba inayopakana ukuta na ya mama mkwe.

Kondo alibonyeza kitufe. Akakiachia. Akakibonyeza tena. Kama angemwambia, Pazi angepiga yowe, na yowe la Pazi linapita kwenye spika za uwanja mzima. Hilo ni kweli. Alilirudia moyoni ili liendelee kuwa kweli.

"Atakuwa anataka matokeo," alisema. "Mpigie mechi ikiisha."

"Mzee na mpira wake," Pazi akacheka, akakata.

Fidea alikuwa amesikia. Aliinamisha uso akaanza kuuandaa ule waya wa Bondeni.

*

Maganga alikuwa amesimama golini, glovu kiunoni, maji yanamfika kwenye vifundo.

"Mluguru! Umekuja na uma? Unapanda mihogo?"

"Lile bao la mara ile," Kondo alisema, anatoboa nyasi bila kutazama anachotoboa. "Ni mimi."

"Kumbe nani? Unadhani Mnyamwezi anateleza mwenyewe? Nimeshapanga namna ya kukulipa, wewe subiri tu."

"Maganga. Nisikilize, sitanii."

"Mluguru hatanii? Basi kiama kimefika." Lakini alimwangalia usoni, na tabasamu likapungua. "Nini?"

Kondo akamweleza kwa haraka, amepiga magoti kwenye maji. Maganga alisikiliza akiwa amejiinamia kama mtu anayefunga viatu. Juu yao uwanja ulikuwa unapiga miluzi.

"Kwa hiyo unataka nife," Maganga alisema.

"Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ulale chali kwenye haya maji. Ukisikia yamekuachia masikio, inuka."

Maganga alifuta mvua usoni kwa glovu. "Mama yangu anaangalia kwenye televisheni. Urambo. Ana presha, Kondo."

Watani hufanyiana mengi, hata msibani huchezea jeneza la mwenzao na mfiwa akacheka huku analia. Ila mama wa mtu, peke yake mbele ya televisheni, hayumo kwenye makubaliano hayo.

"Nitakwenda kumpigia magoti mwenyewe," Kondo alisema.

"Utakwenda. Kwa miguu." Maganga aliangalia jukwaani, halafu mbinguni. "Wangapi huko Bondeni?"

"Wengi."

Kipa akashika kifua. Alifanya vizuri kuliko Kondo alivyotarajia: hatua mbili za mlevi, mkono unatafuta nguzo ya goli na kuikosa, kisha mwili wote, pwaa.

Watu wakacheka kwanza. Walidhani ameteleza tena, na Kondo alihisi Mwali akitetemeka chini ya nyayo zake, anabana kwa raha. Alivua viatu. Daktari wa Nyuki akafika anahema, akaweka vidole shingoni mwa Maganga, akaona mapigo yako sawasawa, akafungua mdomo kusema. Maganga akamnong'oneza bila kufumbua macho. Daktari akabaki amepiga magoti, mikono kichwani.

Kondo alishika redio. "Pazi."

"Nini hicho? Kaka, nini hicho?"

"Maganga. Hapumui. Waambie watu wanyamaze. Daktari anataka kusikia moyo, waambie hata mguu usisogee."

Akasikia Pazi anavuta pumzi. Halafu spika zikafunguka, na sauti iliyotoka siyo ile ya kutangaza mabao. "Ndugu zangu," Pazi alisema, ikamkatika, akaanza upya. "Ndugu zangu, huyu kijana ni mtoto wa watu. Chui, Nyuki, tuache yote. Simama ulipo. Nyamaza ulipo. Mwenye Mungu wake amwombe kimoyomoyo."

Ukashuka kimya ambacho Kondo hakuwahi kukisikia pale, hata siku ambazo uwanja ni mtupu. Kofia zilivuliwa. Mwanamke mmoja wa jezi ya Chui alijiziba mdomo kwa mikono miwili asitoe sauti. Ngoma zilishushwa chini taratibu, kama watoto waliolala. Ilibaki mvua peke yake. Na wote wale, kila mmoja na simu mfukoni aliyoizima kwa heshima ya mtu ambaye hajafa.

Chini ya nyayo, Mwali aliacha kutetemeka.

Kondo alimhisi anasubiri. Amebana kama alivyofundishwa, mbona hakuna kitu? Akabana zaidi. Kimya. Ilikuwa kama macho ya mwanafunzi anayemtazama mwalimu: nimekosea wapi? Hukukosea, Kondo alisema moyoni. Hukukosea popote, mama. Akainua mguu, akapiga kisigino. Kimoja.

Hapakutokea kitu. Akapiga tena.

Kitu kikaachia. Alikisikia kabla ya kukiona, baridi ndogo inayoshuka katikati ya vidole. Maji yakaanza kuzunguka, yakapungua kwenye mabega ya Maganga, kwenye shingo, kwenye masikio.

Maganga akafumbua jicho moja. "Yameniachia," akasema, akainuka.

Uwanja ulilipuka. Chui waliwakumbatia Nyuki, Nyuki waliwabeba Chui, wanaume wazima walilia na kuruka huku wanalia, na ardhi ikatikisika mpaka nyavu zikacheza. Nyasi chini ya Kondo zilikauka kama zimefutwa na taulo. Redioni Fidea alikuwa anasema jambo moja, anarudia, sauti imepanda: "Wanalegea. Bondeni wanalegea, mtaa mzima, wote, Kondo, wote."

Maganga hakushangilia. Alikuwa anamwomba daktari simu.

*

Mama mkwe alipiga simu Kondo akiwa bado kwenye ngazi za kushukia chumbani, viatu mkononi.

"Yamekwenda, baba. Kama mtu amechomoa kizibo. Nimeshashuka kabatini, wamenisaidia."

"Alhamdulillah, mama." Alikaa kwenye ngazi. "Na mzee Mwinjuma?"

"Wamemtoa."

Kondo akaviweka viatu chini.

"Mlango ulifunguka maji yalipoondoka," mama mkwe alisema. "Wamemlaza barazani kwangu. Simu yake alikuwa ameishikilia juu, mkono hivi, isilowe. Nimemfunika kanga, baba. Mpaka usoni. Mwanawe siijui namba yake. Si mnafanya kazi pamoja?"

"Tunafanya pamoja, mama."

"Basi utamwambia wewe. Kwa taratibu."

Alikuwa hajaiweka simu mfukoni Pazi alipotokea juu ya ngazi, anashuka mbili mbili, macho mekundu, mdomo umejaa kicheko. "Kaka! Umeona nilivyowanyamazisha? Elfu arobaini! Nimelia kweli, nakuapia, nilijua jamaa amekwenda. Halafu anainuka! Niliona kama nimemfufua mimi." Akajibwaga kwenye ngazi kando yake, akampiga begani. Tayari alikuwa ametoa simu, kidole kinapapasa kioo. "Ngoja nimpigie mzee. Amepiga mara nyingi, maskini, anataka matokeo. Hii lazima nimsimulie."

"Pazi, usipige."

"Kwa nini?"

Kondo alitafuta namna ya taratibu. Chini, kwenye chumba, mlango ulikuwa wazi, na Fidea alikuwa amesimama anawaangalia. Hakuja kusaidia.

"Bondeni yalijaa maji," Kondo alisema. "Barabara iliyashikilia. Mimi ndiye niliyemfundisha Mwali kushikilia. Uliponiuliza kwenye redio, nilikuwa nimeshapigiwa simu, najua, nikakwambia anataka matokeo. Nilihitaji watu wanyamaze. Nilikuhitaji wewe uwanyamazishe." Akavuta pumzi. "Mzee amefariki, Pazi. Yuko barazani kwa mama mkwe wangu."

Pazi alimtazama. Halafu kona za mdomo wake zikapanda, taratibu, kwa mazoea ya miaka yote waliyoishi pamoja.

"Acha utani wako, bwana," alisema, akabonyeza kupiga. Aliweka simu sikioni, ikaanza kuita, na akabaki anamkodolea Kondo macho, anasubiri acheke.